Chini ya Rangi ya Kijani: Trekta Dogo la Kishua la 1969 Ambalo Watu Walilikataa

Kama umewahi kupotelea kwenye zile video za watu wanaofufua vitu vilivyoliwa na kutu, unajua utamu wake. Unaanza na moja saa nne usiku, ukishtuka ni saa nane, na bado umekodoa macho kuona kama injini itawaka. Mimi huko ndiko nilikokutana na haya matrekta madogo ya kukatia nyasi ya Wamarekani. Nikacheka kwanza. Trekta zima, eti kwa ajili ya nyasi za mbele ya nyumba? Halafu nikaanza kusoma historia yake, na sasa nawaletea.

Chukua jamaa mmoja wa Wisconsin. Simtaji jina kwa sababu wako wengi kama yeye, na stori zao zinafanana hadi unaweza kuzichanganya. Mzee kafariki, watoto wanauza nyumba, na nyuma ya banda kuna trekta dogo la John Deere limeota majani mpaka kwenye usukani. Mmoja anasema lipelekwe skrepa. Mwingine anasema hapana, hilo nimekaa mapajani kwa mzee nikiwa na miaka minne. Analipakia kwenye trela, analipeleka kwake, anaanza kulikwangua. Kijani inabanduka. Chini yake kuna nyeupe.

John Deere nyeupe! Kwa wenye kulijua jina hilo ni kama kukwangua basi la mwendokasi ukakuta chini lilikuwa gari la maharusi. Kampuni yenyewe ilianza na mhunzi aliyeitwa hivyo hivyo, John Deere, aliyetengeneza jembe la chuma cha pua kule Illinois mwaka 1837, na kwa miongo mingi kijani na njano ndiyo imekuwa sura yake. Mkulima wa Marekani anaitambua rangi ile akiwa mbali shambani. Sasa nyeupe imetoka wapi?

Turudi nyuma kidogo. Mashine ya kukata nyasi ilibuniwa na Mwingereza, Edwin Budding, mwaka 1830. Wazo alilitoa kwenye mashine za viwanda vya nguo, zile za kunyoa manyoya ya kitambaa cha sufu kiwe laini. Akawaza, mbona nyasi nazo ni manyoya tu? Kabla ya hapo bustani safi ya nyasi ilikuwa mambo ya matajiri wenye watumishi wa kufyeka, au kondoo wengi.

Nyasi zikawa za kila mtu Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Wanajeshi walirudi, wakapata mikopo ya nyumba, na vitongoji vikaota kama uyoga. Maarufu kuliko vyote ni Levittown, nje ya New York, ulioanza kujengwa mwaka 1947: maelfu ya nyumba zinazofanana, kila moja na kipande chake cha nyasi. Na haikuwa hiari, mkataba ulimtaka mkazi akate nyasi zake kila wiki msimu wa joto. Mkataba huo huo ulikuwa na kipengele kingine: asiye mzungu haruhusiwi kuishi pale. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mahakama haziwezi kulazimisha masharti kama hayo, lakini kuuziwa nyumba ilikuwa habari nyingine, na sheria ya kuzuia ubaguzi wa makazi ilikuja mwaka 1968. Ukiona matangazo ya zamani ya familia inatabasamu kwenye nyasi za kijani, jiulize nani hakuruhusiwa kuingia kwenye picha.

Viwanja vya Levittown vilikuwa vidogo, mashine ya kusukuma ilitosha. Ila watu walivyozidi kusogea nje ya miji, viwanja vikakua, ekari moja, ekari mbili. Hapo kusukuma ni adhabu. Kampuni za matrekta zikaona pesa. International Harvester ikaleta Cub Cadet mwanzoni mwa miaka ya 60, na mwaka 1963 John Deere nao wakatoa lao, namba 110, kutoka kiwanda chao cha Horicon, Wisconsin. Lilikuwa na umbo lile lile la trekta la shamba, boneti ndefu mbele na tairi pana nyuma, ila limepungua kama kitoto.

Halafu ikafika 1969, na mtu fulani ofisini akapata wazo.

Miaka ile Wamarekani walikuwa wamechizika na rangi. Friji ya rangi ya parachichi, jiko la rangi ya haradali, simu ya rangi hadi bafuni. Basi kampuni ikawaza: mtu wa kitongoji si mkulima, kwa nini trekta lake lifanane na la shamba? Kwa nini lisiendane na viti vya barazani? Wakatoa toleo lililoitwa Patio. Mwili mweupe, kisha boneti na siti unachagua kati ya rangi nne: njano, nyekundu, chungwa na bluu, zenye majina ya kishua kweli kweli, April Yellow, Patio Red, Sunset Orange na Spruce Blue. Ukisikia majina hayo utadhani ni rangi za kucha.

Ilibuma. Wateja waliingia dukani wakapita pembeni ya matrekta ya rangi na kuuliza lile la kijani liko wapi. Ofisini walidhani mtu wa kitongoji anaona aibu kufanana na mkulima. Kumbe ndicho hasa alichokuwa anakinunua! Wengi walikuwa wameacha shamba juzi tu, au baba zao ndio waliacha. Ile kijani ndiyo ilikuwa kumbukumbu ya nyumbani, na Jumamosi asubuhi, kwenye ekari yake moja ya nyasi zisizolika, mtu alitaka ajisikie kama baba yake. Hiyo ni tafsiri yangu, ila sijaona inayoelezea vizuri zaidi. Wauzaji waliobaki na mzigo wakaanza kuyapaka kijani yauzike, na mwanzoni mwa miaka ya 70 toleo lenyewe likafa.

Leo, kinachotafutwa na wakusanyaji ni yale yale yaliyokataliwa. Ndiyo maana jamaa wa Wisconsin akikuta nyeupe chini ya kijani, moyo unamdunda.

Ila kwanza liwake. Injini ni Kohler ya silinda moja, karibu cc 305, nguvu farasi 8. Ndiyo, nane. Bodaboda ya cc 150 inaizidi nguvu ikiwa na nusu tu ya ukubwa wake, kwa sababu hii haikuumbwa kukimbia, imeumbwa kusaga taratibu siku nzima. Ikikaa nje miaka ishirini pistoni hugandana na silinda, na hapo wengi ndipo wanapoua mashine: wanalazimisha. Konrodi yake ni ya alumini, ukitumia mabavu inakatika. Fundi mwenye akili anafungua plagi, anamimina mafuta ya kulainisha kutu kwenye tundu, anaenda zake. Anarudi kesho, anaongeza. Baada ya siku kadhaa anajaribu kuizungusha kwa mkono, nyuzi chache mbele, chache nyuma. Siku ikiachia utaona mtu mzima anarukaruka gereji kama Taifa Stars wamefunga.

Kabureta nayo inakuwa imeziba. Petroli ikikaa miaka inageuka gundi ya kahawia yenye harufu ya vanishi, inakaa kwenye vitundu vyembamba kuliko sindano. Lazima ifunguliwe yote na kuoshwa. Moto wa plagi unatoka kwenye platini, kama magari ya zamani ya mzee wako, na hawa Kohler walikuwa watu wa huruma: platini imewekwa nje, nyuma ya kifuniko kidogo, unaisafisha kwa msasa na kuipimia nafasi ya nusu milimita bila kufungua injini. Oili usicheze nayo. Injini haina pampu, kuna kijiko tu chini ya konrodi kinachorusha oili kila kikizunguka. Oili ikipungua kijiko hakifiki, na hadithi imeisha. Uzuri ni kwamba injini za aina hii ziliwekwa pia kwenye matrekta ya kampuni nyingine, kwa hiyo spea bado zinapatikana.

Injini ikishawaka ndipo unarudi kwenye swali la rangi, na hapa ndipo mashabiki wa mambo haya wanapogombana.

Rangi yenyewe inazungumza ukiisoma vizuri. Kama ile kijani ilipakwa na muuzaji trekta likiwa jipya, chini yake nyeupe itakuwa safi, haina mkwaruzo, haina grisi. Lakini ukikuta kijani imepita juu ya kutu, juu ya mafuta, imefunika bolti na kumwagikia kidogo kwenye tairi, huyo si muuzaji. Huyo ni mtu aliyekuwa na brashi na kopo moja nyuma ya nyumba, baada ya kulitumia miaka kadhaa. (Na ukikwangua, lowesha maji na vaa barakoa. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, vumbi lake si la kuvuta.)

Kwa hiyo jamaa wetu amesimama gereji na kipande cha msasa mkononi. Upande mmoja trekta lilivyotoka kiwandani mwaka 1969, nyeupe, na boneti yenye rangi yake ya kishua. Akilirudisha hivyo, wakusanyaji watamlilia na bei itapanda. Upande wa pili ni kijani iliyopakwa vibaya, yenye alama za brashi, na karibu hakika mwenye brashi alikuwa baba yake. Utoto wake wote trekta lile lilikuwa la kijani. Nyeupe ni ya kiwanda. Kijani ni ya mzee.

Wapo watakaosema historia ni ile ya kwanza, yaani nyeupe. Siwaelewi. Hao waliokaa dukani wakakataa nyeupe, hao waliokwenda kununua kopo la kijani, nao ni historia, tena ndio walioshinda ile kesi. Hakuna tangazo lililowataja wala kitabu kilichoandika majina yao. Kilichobaki kuthibitisha kwamba walikuwepo ni rangi yenyewe, na msasa unaimaliza kwa mchana mmoja.

Ningekuwa mimi, injini ningeifanya kama mpya, breki, mikanda, kila kitu, halafu bodi ningeipaka oili nyepesi kuzuia kutu na kuiacha na alama zake za brashi. Chini ya siti ningekwangua sehemu ndogo tu, ukubwa wa kiganja, nyeupe ionekane, kisha nifunge siti yangu nikakate nyasi.

Wewe ungepaka nyeupe au ungeacha kijani ya mzee?