Somo la Redio: Picha Nazo Husomwa

Ninyi mliokusanyika darasani Musoma, na wenzenu wa Bunda na Butiama, karibuni. Leo hatutaanza na herufi. Fungueni kitabu chochote mlicho nacho, tafuteni ukurasa wenye picha, kisha mwuache wazi mbele yenu. Somo letu ni la historia, nayo ni historia ya picha kama hiyo.

Watu wengi hudhani kuwa picha kitabuni ni pambo tu, la kufurahisha watoto. Sivyo. Huku kwetu watu walifundishana kwa picha kabla ya vitabu kufika. Kwa jirani zetu Wasukuma, chama cha wacheza nyoka, waitwao Bayeye, kilikuwa na desturi ya kuchora katika kuta za nyumba walimofundishia wanachama wapya. Bwana Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika, alikusanya michoro hiyo katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1953. Angalieni jambo hili: ile nyumba ilikuwa darasa, na ukuta ndio uliokuwa ubao.

Sasa tuje kwenye kisomo chenyewe. Mtoto wa Butiama, Julius Nyerere, alianza shule Mwisenge, hapo Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Wengi wa rika lake hawakupata nafasi hiyo, wakawa watu wazima wasiojua kusoma barua zao wenyewe. Mwaka 1968 ukaanza mpango wa kisomo chenye manufaa, ukisaidiwa na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza. Ulihusu mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao siku hizi ni Kagera. Vitabu vyake viliandikwa kwa kufuata kazi za watu. Mkulima wa pamba alikuwa na kitabu cha pamba, mvuvi alikuwa na kitabu cha uvuvi, na vingine vilihusu ng'ombe, migomba na mambo ya nyumbani. Kisha Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa yakaenea nchi nzima.

Kitabu cha namna hiyo humhitaji mchoraji kama kinavyomhitaji mwandishi. Kwanza wanafunzi hutazama picha ya kazi wanayoijua, wakaizungumza. Ndipo mwalimu huandika neno, tuseme PAMBA, akalikata: pa, mba. Picha ikiwa mbaya, mazungumzo hupotea, na neno hupotea pamoja nayo.

Na hapa ndipo penye shida, ndugu zangu. Picha nayo ina kanuni zake, kama herufi zilivyo na kanuni zake. Mwaka 1960 mtaalamu mmoja wa Afrika Kusini, William Hudson, alitangaza habari za majaribio yake. Aliwaonyesha watu picha ya mwindaji mwenye mkuki, paa karibu yake, na tembo mdogo juu ya kilima kwa mbali. Akauliza: mwindaji anamlenga nani? Baadhi walijibu kuwa anamlenga tembo, maana katika karatasi tembo ndiye aliyekuwa kati ya mkuki na paa. Wako waliosema kuwa watu hao wana upungufu wa akili. Mimi sikubali hata kidogo. Walisoma kile kilichokuwa juu ya karatasi. Kuchora kitu kidogo ili kionekane kiko mbali ni mapatano ya wachoraji, na mtu hujua mapatano baada ya kuelezwa.

Fikirini mkulima wa Bunda. Tuseme mchoraji amechora shamba la pamba kwa mtindo huo, mistari ikianza mapana karibu na kukaribiana kwa mbali, mpaka inakutana juu ya ukurasa. Msomaji mpya aweza kuuliza, tena kwa haki: je, nipande hivi, mwisho wa shamba miche ibanane? Akitii picha, hasara ni ya msimu mzima, na si mchoraji atakayeilipa.

Mwaka 1973 kampeni ya redio na vitabu iliyoitwa Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi, wakajifunza juu ya malaria, maji na vyoo. Kuhusu picha za malaria iko hadithi inayosimuliwa katika nchi nyingi. Bwana afya alionyesha picha ya mbu mkubwa kama mbuzi. Wanakijiji wakamwambia, "Pole, bwana. Mbu wenu wanatisha. Wa kwetu ni wadogo." Tunacheka, lakini wanakijiji walikuwa na hoja. Mchoraji angemweka mbu huyo juu ya mkono wa mtu, kipimo kingejulikana bila neno hata moja.

Wachoraji wetu walijifunza mambo haya pole pole. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na watu wakaelewa kwa kuwa walimtambua: ni mtu wa mtaani kwao. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alipaka wanyama kwa rangi kali juu ya mbao, kila mnyama akionekana mzima, bila kufichwa nusu. Anayefuata njia hiyo ni John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, ambaye vitabu vyake vya hadithi za wanyama vimechapwa hata Ulaya. Siku hizi wachoraji wengi huchora kwa kompyuta, na kazi yao hufika Musoma kwa simu siku ile ile. Chombo kimebadilika, swali la yule mkulima bado liko pale pale.

Sasa rudini kwenye ukurasa mliouacha wazi. Kila mmoja aseme anaona nini, mama na mzee wasikilizwe kabla ya vijana, na mwalimu asisahihishe mpaka wote wamesema. Mkitofautiana, andikeni tofauti hizo ubaoni, kila moja kwa sentensi moja. Halafu chukueni kalamu, mwichore upya picha hiyo kama mnavyoona ingefaa kwa mtu wa kijijini kwenu. Zimeni redio, mwanze.