Video ya Muziki na Biashara ya Msanii Tanzania

Video ya muziki, yaani filamu fupi inayoambatanishwa na wimbo mmoja, ilipata nguvu kubwa ya kibiashara nchini Marekani baada ya kituo cha MTV kuanza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981. Kampuni za kurekodi zilizigharimia video na kuzipeleka televisheni ili mtazamaji avutiwe, kisha aende dukani kununua santuri au kanda. Hata Thriller ya Michael Jackson, video ya takribani dakika 14 iliyotoka mwishoni mwa 1983, iliyafufua mauzo ya albamu iliyokwisha kutimiza mwaka sokoni. Maelezo hayo, yanayoifanya video kuwa tangazo la nakala ya wimbo, hayatoshi kwa Tanzania, ambako biashara ya nakala yenyewe ilikuwa dhaifu.

Bongo Fleva, muziki wa kizazi kipya wa Tanzania, iliposhika kasi miaka ya 2000, na watengenezaji wa video kama Adam Juma wa Visual Lab wakapandisha kiwango cha picha, soko la kanda lilikuwa likitafunwa na uharamia, hivyo msanii aliyegharimia video hakuwa na matumaini makubwa ya kurudisha fedha yake dukani. Alichokitafuta ni sura yake kufahamika Mbeya, Mwanza na Tabora, ili mapromota wamwite jukwaani na watu walipe kiingilio. Video ilimuuza mwimbaji kabla ya kuuza wimbo, na kwa mantiki hiyo magari ya kukodi na majumba ya watu yanayojaa katika picha hizo, ambayo wahakiki wengi huyaona kuwa majivuno matupu, yalikuwa mavazi ya kazi.

Mfano ulio wazi zaidi ni mwimbaji wa Bongo Fleva Diamond Platnumz. Video ya Number One aliyoirudia na Davido wa Nigeria, iliyotoka mwanzoni mwa 2014, ilimvusha mipaka ya Afrika Mashariki. Mwaka huohuo akateuliwa kuwania tuzo za BET za Marekani, na kufikia 2017 umaarufu wake ulikuwa unauza manukato na karanga zenye jina lake. YouTube iliongeza jambo jipya, kwa kuwa mwenye chaneli hupata fungu la fedha za matangazo yanayoambatana na video, na kwa maana hiyo video imekuwa bidhaa yenyewe. Hata hivyo, fungu hilo hufuata bei ambayo watangazaji wako tayari kulipa katika nchi ya mtazamaji, na kwa kawaida mtazamaji wa London huleta zaidi kuliko wa Kigoma. Video za chaneli ya Diamond zilipotajwa kutazamwa zaidi ya mara bilioni moja mwaka 2020, thamani kubwa ya tarakimu hiyo haikuwa katika malipo ya YouTube pekee, bali pia mezani pa mazungumzo na wadhamini, ambako idadi ya mara video ilizotazamwa huwekwa kama dhamana.

Hapo ndipo mikataba ya lebo, yaani kampuni zinazosimamia wasanii, inapohitaji kuchunguzwa. Gharama ya video inapoandikwa kuwa deni la msanii chipukizi, la kukatwa katika mapato yake, ilhali lebo inachukua pia sehemu ya maonyesho na udhamini vilivyoletwa na video hiyohiyo, lebo inavuna matunda ya tangazo ambalo mwishowe limelipiwa na msanii.