Mkono Mmoja Haulei Mwana: Ujirani wa Wazazi katika Rumonge

Mtu akiandika habari za mji huanza kwa watawala na vita, kisha hutaja bandari na biashara. Sisi twataka kutaja jambo ambalo halikuandikwa katika daftari ya serikali yoyote, nalo ni jinsi wazazi wa Rumonge walivyosaidiana kulea watoto wao na kustahimiliana katika shida za nyumba zao. Ni jambo dogo kwa kulitazama, walakini bila hilo mji huu usingalisimama.

Sababu yake yatokana na namna mji ulivyoanza. Katika milima ya Burundi mtu huzaliwa katika rugo ya baba yake, na kandokando yake ni ukoo wake. Mtoto akiugua, shangazi yu karibu. Mume na mke wakikosana, wazee wao huketi na kusema nao. Pwani ya ziwa haikuwa hivyo. Wengi wa wazee wetu walifika hapa wakiwa wametengana na jamaa zao. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kuizoea. Na mwezi wa Aprili mwaka ule ule walipita kwa mitumbwi kando ya pwani yetu kwenda Uvira. Livingstone na Stanley nao walipita mwezi wa Novemba 1871 kwenda kuutazama mto Rusizi. Kisha akaja Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza, akakaza nguvu zake Ujiji na kuzisukuma huku kwetu, mpaka aliposhindwa katika vita vya Wabelgiji vya mwaka 1892 hata 1894.

Hapana faida kuficha kwamba katika misafara hiyo si wote waliokuja kwa hiari. Wanawake wengi na watoto wengi walitolewa Manyema na kwingineko kwa nguvu, wakavushwa ziwa bila kujua mama zao wamebaki wapi. Mapadri wa Kikatoliki waliofungua misheni Rumonge mwaka 1879 waliwakusanya watoto waliokombolewa. Misheni ile haikudumu, kwani mwezi wa Mei 1881 watatu miongoni mwa Wazungu wale waliuawa, na waliosalia wakaondoka. Baadaye serikali ya Wadachi ilitoa amri mwaka 1904 kwamba kila mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa mtu huru katika nchi zote za Afrika Mashariki ya Kidachi, ambayo Burundi ilikuwa sehemu yake. Mtoto alipata uhuru kwa amri ile. Bibi na ami na shangazi hakuwapata, maana hayo hayatolewi kwa amri.

Basi tutafakari hali ya mama kijana wa siku zile. Amejifungua; mumewe yu safarini au ziwani; mama yake mzazi hajui hata kama yu hai. Nani atamkanda? Nani atamwosha mtoto, nani atampikia uji, nani atamwambia kwamba kilio hiki ni cha tumbo wala si cha maradhi mabaya? Hakuna ila jirani.

Waislamu wa Rumonge hawakuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Muhajirina walipotoka Makka na kufika Madina hali wameacha jamaa zao, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwaunganisha na Ansari, kila mmoja na mwenziwe, udugu usiokuwa wa damu. Na katika hadithi iliyo mashuhuri alieleza kwamba Jibrili alimwusia sana habari ya jirani, hata akadhani ya kuwa atamfanya mrithi. Maneno haya husomwa misikitini kila mara. Mtu aliyezungukwa na ndugu zake kumi huyasikia kama mawaidha mazuri. Mtu asiye na ndugu huyasikia kama habari ya chakula cha kesho.

Mila za kuzaa na kulea zilizoletwa na Waswahili zaweza kusomwa katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Mila hizo zilifuata misafara hata ziwani: siku arobaini za mzazi, akika, kumpeleka mtoto chuoni kwa mwalimu, na kungwi au somo amfundaye msichana na kubaki mshauri wake hata baada ya kuolewa. Lakini hapa zilikutana na mila nyingine, nazo hazikugombana. Warundi nao humwendea mwanamke aliyejifungua wakiwa na chakula na kuni, na desturi hiyo huitwa guhemba. Na kazi kubwa ya shamba huifanya pamoja, wakiiita ikibiri. Hata maneno yenyewe ni ndugu. Mrundi husema kuvyara, na wazazi huwaita abavyeyi. Nao Waswahili wa kale wa Lamu na Mombasa husema kuvyaa, na wavyele. Mtu wa pwani ya bahari na mtu wa pwani ya ziwa walikuwa na neno moja la uzazi kabla hawajaonana.

Katika ujirani ule palikuwa na jambo moja zito ambalo vijana wa leo hawalijui vema, nalo ni kunyonyesha. Mama akipungukiwa na maziwa, au akiwa na homa, jirani aliye na mtoto mchanga humtwaa mwana wa mwenziwe akamnyonyesha. Ni wema mkubwa. Mtume mwenyewe alinyonyeshwa na Halima wa Bani Saad. Lakini sheria huutia wema huu mpaka. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonyeshwa mara tano na mwanamke, huyo amekuwa mama yake, na watoto wa huyo wamekuwa ndugu zake, hawaoani kamwe, kama ilivyotajwa katika Sura ya Wanawake. Basi katika mji mdogo, ambamo majirani husaidiana usiku na mchana, hapana budi pawe na watu wanaokumbuka. Kazi hii ilikuwa ya wanawake wazee. Wao hawakuwa na kalamu wala karatasi, na pengine hawakujua kusoma, lakini posa haikukamilika bila wao kuulizwa. Wanaume hupenda kujisifu kwamba wao ndio walinzi wa sheria mjini. Katika jambo hili walinzi walikuwa jikoni.

Ziwa nalo lilikuwa na amri yake. Ndagala huvuliwa usiku kwa mwanga. Zamani kwa mienge ya moto iliyowashwa mbele ya mtumbwi, kisha kwa karabai. Samaki huyu huufuata mwanga pale tu usiku unapokuwa na giza, na kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya kila mwezi nyumba nyingi za Rumonge hazina baba usiku. Mtoto akishikwa na degedege saa nane ya usiku, au upepo mkali ukivuma kutoka kusini na mitumbwi haijarudi, mama hugonga ukuta wa jirani. Na asubuhi mumewe hurudi amechoka, hutaka kulala, naye mke hakulala. Huko ndiko magomvi mengi ya nyumba yanakoanzia, wala si kwa ubaya wa mtu.

Wako wasemao kwamba wazee wetu walikaa kwa amani na kwamba ugomvi wa mke na mume ni jambo la siku hizi. Hatukubaliani nao. Kama hapakuwa na ugomvi, kwa nini kulikuwa na wasuluhishi wengi hivyo? Tofauti ni kwamba ugomvi ulikuwa na mahali pa kupelekwa kabla haujafika kwa kadhi. Mwanamke alikuwa na somo yake. Mwanamume alikuwa na mwenzake wa mtumbwi. Kisa cha Salman na Abu Dardai chafundisha namna yake. Mtume aliwafanya ndugu, naye Salman alipokwenda kumzuru mwenziwe alimwona mkewe hakujitengeneza, akamwuliza kulikoni. Akajua kwamba Abu Dardai amezama katika kufunga na kusali hata ameisahau nyumba yake. Salman alilala kwake, akamzuia asisimame mpaka sehemu ya mwisho ya usiku, akamweleza kwamba mwili wake na jamaa yake wana haki juu yake. Habari ilipofika kwa Mtume, alisema Salman amesema kweli. Mtazame Salman: hakumsema rafiki yake barazani, wala hakunyamaza akidai kwamba mambo ya nyumba ya mtu hayamhusu.

Na jambo likizidi, Kurani yaamuru wateuliwe wasuluhishi wawili, mmoja katika jamaa ya mume na mmoja katika jamaa ya mke. Wengi mjini kwetu hawakuwa na jamaa wa kuteua. Wake walikuwa Uvira, au Ujiji, au hawajulikani. Wanavyuoni wa Kishafii waliona ya kuwa kutoka katika jamaa ni bora, wala si sharti. Kwa ruhusa hii jirani aliweza kuketi mahali pa baba wa mke, na kusema kwa ukali kama baba. Jambo hili lilikuwa na gharama yake, kwani asemaye kama baba hapendwi siku zote.

Haki ya kumkanya mwana wa mwenzio ilikuwa katika mapatano haya haya. Siku hizi mzazi hukasirika mtoto wake akikemewa na jirani, na mara nyingine hufika kufunga lango. Twadhani hajafikiri sawasawa. Jirani asiye na ruhusa ya kumkemea mtoto wako akicheza ufukweni wakati wa mawimbi, atakuwa na uzito pia wa kumfuata majini.

Wakati wa Wabelgiji palizuka shida nyingine, ya shule. Shule zilizokuwa na msaada wa serikali zilikuwa karibu zote mikononi mwa misheni, na wazazi Waislamu wengi waliogopa kwamba mtoto akiingia huko atatoka na dini nyingine. Waliopeleka watoto walilaumiwa. Waliokataa, watoto wao walikosa kazi za karani na uganga. Tukitazama nyuma, hatuoni kwamba upande mmoja ulikuwa na akili na mwingine hauna. Wote walikuwa wazazi waliotiwa katika njia panda, na hasara ya elimu tuliyoipata ilidumu vizazi viwili.

Kisha ukaja mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili uasi ulizuka katika sehemu hii ya kusini, na Rumonge na Nyanza-Lac zikawa katikati yake. Watu wasio na hatia waliuawa, na baada yake kisasi cha serikali kiliua watu wengi mno katika nchi nzima. Maelfu walivuka kwenda Kigoma, kisha wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kwa habari yetu hii yatosha kusema kwamba waliovuka walianza tena kama walivyoanza wazee wa kwanza wa Rumonge, mama bila mama yake, katika pori lisilo na jirani wa zamani. Huko walijenga ujirani mpya, na watoto wao wakakua wakisema Kiswahili.

Baada ya Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 baadhi yao walianza kurejea, na wengine wengi katika wale wa 1972 walirejea kuanzia 2008. Wengine, zaidi ya watu 160,000, walipewa uraia wa Tanzania. Waliorudi Rumonge walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu wengine, na watu hao nao wamezaa na kuzika hapo. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilipatanisha wengi kwa kugawa shamba nusu kwa nusu. Karatasi iligawa ardhi. Lakini watoto wa nyumba hizi mbili walipita njia moja, wakakaa darasa moja, na wale waliotoka Tanzania hawakujua Kirundi cha kitabuni wala Kifaransa. Kiswahili, ambacho kwa miaka mingi kilihesabiwa katika nchi hii kuwa lugha ya wageni, kikawa ndicho ambacho mama mwenyeji aliweza kumjibu mama aliyerejea.

Na sasa watoto wale wamekuwa vijana, nao waposana. Wazee wanawake wa Rumonge wanaojua nani alinyonya kwa nani upande huu hawajui yaliyopita Ulyankulu wala Mishamo katika miaka ile yote. Kwa hiyo posa ikija kutoka katika nyumba iliyorudi, hapana budi aulizwe bibi wa upande wa pili: huko kambini, mama yako alipougua, ulinyonyeshwa na nani, na mara ngapi?