Montgomery: Mji ulioacha bisi kwa siku 381

Mkaaji wa Goma, Bukavu ao Uvira asiye na gari anaijua hesabu ya kila asubuhi. Akilipa pesa ya kwenda mjini, pesa ya kurudi itatoka kwenye chakula cha watoto. Familia zilizohama vijiji vyao zinaijua zaidi, kwani mara nyingi mahali pa kulala ni mbali na mahali pa kutafuta maisha. Miaka 70 hivi iliyopita, hesabu hiyo hiyo ilikuwa mikononi mwa akina mama wa mji mmoja wa Marekani. Wao waliamua kuitumia kama silaha.

Mji huo ni Montgomery, makao makuu ya jimbo la Alabama. Wakati ule ulikuwa na wakaaji zaidi kidogo ya laki moja. Haukuwa mji mkubwa kama New York ao Chicago. Lakini Weusi wengi hawakuwa na gari, na kazi zao zilikuwa mbali: kupika, kufua na kulea watoto katika nyumba za Wazungu, upande mwingine wa mji. Bila bisi, siku ya kazi ilipotea. Ndiyo maana karibu watu watatu kati ya wanne waliopanda bisi za mji walikuwa Weusi.

Pamoja na wingi huo, ndani ya bisi hawakuwa na heshima. Viti kumi vya mbele viliwekwa kwa ajili ya Wazungu, hata kama hakuna Mzungu aliyepanda. Mama Mweusi aliyechoka alisimama mbele ya viti vitupu. Mara nyingi alilazimishwa kulipa senti 10 kwenye mlango wa mbele, kisha kushuka na kuzunguka ili apandie mlango wa nyuma. Ilitokea dereva akaondoka kabla hajafika kwenye mlango ule, na pesa yake ikaenda. Madereva wote walikuwa Wazungu, na sheria ya mji iliwapa uwezo wa kupanga nani aketi wapi.

Barua iliyopuuzwa

Watu wengi wamesikia kwamba mambo yalianza siku Rosa Parks alipokataa kusimama. Ukweli ni kwamba kazi ilianza mapema, na ilianzwa na wanawake waalimu. Mwaka 1946 Mary Fair Burks alianzisha Baraza la Kisiasa la Wanawake. Mwaka 1949 Jo Ann Robinson, mwalimu katika chuo cha Weusi cha Alabama, alifokewa na dereva kwa sababu aliketi mbele katika bisi iliyokuwa karibu tupu. Alishuka akilia. Mwaka uliofuata akawa kiongozi wa baraza hilo, na jambo la bisi likawa kazi yake.

Wanawake hao walikwenda mara kwa mara kwa wakubwa wa mji. Hawakupewa jibu la maana. Tarehe 21 mwezi wa 5 mwaka 1954, Robinson alimwandikia barua meya W. A. Gayle. Alimkumbusha kwamba Weusi ndio wengi katika bisi, na kwamba wakiacha kupanda, bisi haziwezi kuendelea. Alimwambia pia kwamba vikundi vingi vilikuwa tayari vinazungumza juu ya kuacha bisi. Barua ilikuwa ya adabu, lakini onyo lake lilikuwa wazi. Mji haukuisikiliza.

Tarehe 2 mwezi wa 3 mwaka 1955, msichana wa shule wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kumwachia Mzungu kiti. Polisi walimtoa kwa nguvu na kumfungia. Mwezi wa 10, Mary Louise Smith wa miaka 18 alifungwa kwa sababu hiyo hiyo. Viongozi wa Weusi hawakuona kwamba wasichana hao wanaweza kubeba kesi kubwa mbele ya watu. Colvin, hasa, alionekana mdogo mno, na baadaye mwaka huo alipata mimba. Aliwekwa pembeni. Jambo hilo lilimuumiza kwa miaka mingi.

Usiku wa karatasi

Tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka 1955, siku ya Alhamisi, Rosa Parks alitoka kazini. Alikuwa na miaka 42, mshonaji katika duka kubwa la mji, na pia mwandishi wa tawi la chama cha NAACP, kilichotetea haki za Weusi. Dereva James Blake alimwamuru asimame kusudi Mzungu aketi. Alikataa. Ni dereva huyo huyo aliyemfukuza kutoka bisi mwaka 1943. Polisi walimchukua, na E. D. Nixon, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, akaenda kumtoa kwa dhamana.

Usiku huo Robinson hakulala. Pamoja na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili, alitumia mashine ya chuo kunakili makumi ya maelfu ya vikaratasi. Ujumbe ulikuwa mfupi: siku ya Jumatatu, usipande bisi. Siku ya pili walivigawa mashuleni, madukani, kwenye saluni za nywele. Siku ya Mungu wachungaji walirudia ujumbe huo makanisani.

Jumatatu tarehe 5, bisi zilipita karibu tupu. Siku hiyo korti ilimtoza Parks dola 10 na gharama za dola 4. Mchana viongozi waliunda Chama cha Maendeleo cha Montgomery, wakamchagua mchungaji wa miaka 26 aliyekuwa mgeni mjini, Martin Luther King. Jioni maelfu ya watu walijaa kanisa la Holt Street na barabara zake, wakakubaliana kuendelea.

Inafaa kukumbuka kile walichoomba mwanzoni. Hawakuomba ubaguzi uishe. Waliomba madereva wawe na adabu. Aliyefika kwanza aketi kwanza, Weusi wakianzia nyuma na Wazungu mbele. Na madereva Weusi waajiriwe katika njia za mitaa ya Weusi. Mji ulikataa hata hayo.

Kujenga usafiri wao wenyewe

Kukataa bisi siku moja ni rahisi. Juma la pili ni jambo lingine. Watu walipaswa kufika kazini, wagonjwa hospitalini, watoto shuleni. Mwanzoni, madereva wa teksi Weusi walibeba watu kwa senti 10, sawa na bei ya bisi. Wakubwa wa mji wakachimbua sheria iliyosema teksi haiwezi kulipisha chini ya senti 45. Mlango huo ukafungwa.

King alimpigia simu mchungaji T. J. Jemison wa Baton Rouge, mji wa Louisiana ambamo Weusi waliacha bisi kwa siku chache mwaka 1953. Jemison alimweleza namna walivyopanga magari ya watu binafsi. Montgomery ikafuata mfano huo na kuukuza. Magari karibu 300 yaliingia katika mpango. Viliwekwa vituo zaidi ya 40 vya kupakia na kushusha, na wasimamizi waliojua gari gani linakwenda wapi, saa ngapi. Baadaye makanisa yalinunua magari marefu na kuyaandikisha kwa majina yao, watu wakayaita makanisa yenye magurudumu. Robert Graetz, mchungaji Mzungu wa kanisa la Weusi la Kilutheri, naye aliendesha gari lake kila asubuhi. Hata wake wa Wazungu walikwenda kuchukua wapishi wao kwa magari, ingawa meya aliwakataza.

Waliokosa nafasi walitembea, wengine kilometa nyingi kwenda na kurudi, mvua ao jua.

Mafuta ya magari yalihitaji pesa. Georgia Gilmore, mama mpishi, alikusanya wanawake waliopika keki, kuku na samaki nyumbani na kuviuza. Kikundi chao walikiita Klabu ya Kutoka Popote: mtu akiuliza pesa imetoka wapi, jibu lilikuwa kwamba haikutoka popote. Hivyo hakuna mama aliyefukuzwa kazi kwa jina lake kujulikana. Gilmore mwenyewe alipoteza kazi baada ya kutoa ushahidi kortini, akaendelea kupika jikoni kwake.

Mji ulipigana kwa kila njia. Polisi walisimamisha madereva kwa makosa madogo. King alifungwa kwa kwenda mwendo wa maili 30 mahali pa maili 25. Kampuni za bima ziliyaacha magari ya makanisa, mpaka bima ikapatikana kwa Lloyd's ya London. Tarehe 30 mwezi wa 1 mwaka 1956 bomu lilirushwa nyumbani kwa King, mke wake na mtoto mchanga wakiwa ndani. Siku mbili baadaye, ikawa nyumba ya Nixon. Mwezi wa 2 watu 89 walishtakiwa kwa sheria ya mwaka 1921 iliyokataza migomo ya namna hiyo.

Kampuni ya bisi, upande wake, ilikuwa inapoteza pesa. Bei ilipandishwa kutoka senti 10 mpaka 15, lakini viti vilibaki vitupu. Mwezi wa 4 kampuni ilitangaza kwamba haitatenga tena watu. Mji ukaenda kortini kuizuia.

Kesi ya wanawake wanne

Tarehe 1 mwezi wa 2 mwaka 1956, mwanasheria Fred Gray alipeleka kesi katika korti ya shirikisho. Safari hii hawakuomba adabu. Waliomba sheria yenyewe ianguke. Kesi haikubeba jina la Rosa Parks, kwani yake ilikuwa imeshikwa katika korti za jimbo. Ilibebwa na wanawake wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na Claudette Colvin. Msichana aliyewekwa pembeni alirudi na kusimama mbele ya mahakimu. Tarehe 5 mwezi wa 6, mahakimu wawili kati ya watatu walisema ubaguzi katika bisi unavunja katiba. Mji ukakata rufaa.

Tarehe 13 mwezi wa 11, viongozi walikuwa kortini Montgomery. Mji uliomba mpango wa magari upigwe marufuku. Kabla hakimu hajaamua, habari zilifika kutoka Washington: Korti Kuu imekubaliana na wanawake wanne. Hata hivyo, hakimu wa Montgomery alipiga marufuku magari. Kwa hiyo watu walikuwa wameshinda, na bado hawakuwa na usafiri. Amri ya Washington ilichukua juma tano kufika. Kwa juma hizo zote walitembea, ao majirani wakasaidiana mtaa kwa mtaa.

Tarehe 21 mwezi wa 12 mwaka 1956 walipanda tena bisi, wakaketi walipotaka. Ilikuwa baada ya siku 381.

Amani haikuja siku hiyo. Kabla mwaka haujaisha, bisi zilipigwa risasi, na mama mmoja mjamzito aliumizwa miguu. Mwezi wa 1 mwaka 1957 mabomu yalipiga makanisa manne na nyumba za wachungaji wawili. Rosa Parks, aliyekuwa amepoteza kazi yake, alihamia Detroit mwaka huo huo na familia yake.

Wengine husema korti ndiyo iliyoshinda, si miguu. Ni kweli kwamba sheria iliangushwa na mahakimu. Lakini mahakimu hawakupika keki za kununua mafuta, wala hawakusimama kwenye kituo alfajiri kupanga nani apande gari gani. Barua ya mwaka 1954 ilikuwa na adabu yote, na haikujibiwa kitu. Mji ulianza kusikia pale watu waliolipa senti 10 kila siku walipojipanga, wakabaki pamoja muda wa kutosha mpaka kesi ikamalizika.

Claudette Colvin alingoja zaidi. Mwaka 2021, akiwa na miaka 82, hakimu wa Montgomery aliamuru kosa la msichana yule wa miaka 15 lifutwe katika vitabu vya korti.