Kwa Nini Nasema Msafara wa Mvua

Orodha ya istilahi za hali ya hewa iliyonifikia karibuni inatutaka tuandike "mtetemo wa Madden-Julian". Walioipitisha ni wasomi, na bado sielewi ilipitaje. Kutetema ni kutikisika mahali ulipo, kama mgonjwa wa homa kitandani. Kinachozungumziwa hapa hakikai mahali. Ni kundi kubwa la mawingu ya mvua linalotoka Bahari ya Hindi, likavuka visiwa vya Indonesia na kuingia Pasifiki kwa mwendo wa kama mita 5 kwa sekunde. Baada ya siku 30 hadi 60 hufuata jingine.

Kamati imekifuata Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kimeshikilia jina la kabla ya jambo kueleweka. Mwaka 1971 Roland Madden na Paul Julian walichambua vipimo vya upepo na mgandamizo wa hewa vya kisiwa cha Canton, katikati ya Pasifiki. Aliyesimama kisiwani huona upepo ukigeuka na kurudi, basi. Mwaka uliofuata walikusanya vipimo vya vituo vingi, wakaona kwamba kinachougeuza kinasafiri kwenda mashariki. Jina likabaki la kisiwani.

Msafara ni ndugu wa safari na msafiri, wote wa shina moja la Kiarabu, na umekaa pwani yetu muda mrefu. Mwenzangu mmoja ameukataa akidai siku hizi ni magari ya wakubwa na ving'ora vyake. Bagamoyo ilipokea misafara kabla gari halijaundwa! Msafara ulikuwa na kirongozi mbele na wapagazi nyuma, na hilo ndilo tunalolihitaji: mbele ya mvua hizi upepo huvuma kutoka mashariki, nyuma yake kutoka magharibi. Upepo wa nyuma husukuma maji ya joto kuelekea Amerika Kusini na unaweza kuichochea Elinino. Wa mbele unaweza kuikata.

Ndivyo ilivyokatika ile ya 1997, iliyotuletea mafuriko Kenya na Tanzania. Kufikia mapema 1998 maji baridi yalikwisha panda karibu na uso wa bahari, upande wa mashariki wa Pasifiki, lakini upepo wa kuyaibua haukuwapo. Mei ukaja, na pamoja nao msafara uliokuwa ukiizunguka dunia, kama Yukari Takayabu na wenzake walivyoeleza mwaka 1999 katika jarida la Nature. Kwenye ikweta, longitudo ya nyuzi 125 magharibi, maji ya juu yalipoa kwa zaidi ya nyuzi joto 8 kati ya Mei 10 na Juni 10. Na bado wapo wanaoandika kwamba Elinino hiyo "ilififia"! Kinachofifia ni rangi ya kanga. Mvua hukatika, na Elinino ile ilikatika.

Mtabiri ataandika: "Msafara wa mvua umefika magharibi mwa Bahari ya Hindi, tutarajie mvua zaidi." Waliopitisha mtetemo waiandike sentensi hiyo kwa neno lao.