UZI: Kabla hujapigia makofi vizimba vya samaki Turkana

1/ Kila msimu wa kampeni ahadi ni ile ile: "Tutafuga samaki ziwani, vijana wapate kazi." Juzi nimeisikia tena steji ya Lodwar nikingoja gari la Kakuma. Watu wakashangilia. Mimi nikakumbuka Kalokol. Wacha niwaeleze, bila kutaja chama cha mtu.

2/ Kalokol iko kama kilomita 60 kutoka Lodwar. Miaka ya 1970 Ghuba ya Ferguson ilijaa tilapia. Norway ikaleta pesa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukasimama kiwanda cha kugandisha samaki. Watu waliopoteza mifugo kwa ukame wakaona ziwa ndilo ng'ombe wao mpya.

3/ Kugandisha samaki jangwani kunataka umeme na maji safi mengi. Gharama ikapita bei ya samaki, mitambo ikazimwa baada ya siku chache tu. Halafu mvua zikapungua Ethiopia, mto Omo ukaleta maji kidogo, na ghuba ikakauka. Ng'ombe mpya naye akafa. Mwaka 1990 Kenya na Norway zikavunja uhusiano wa kibalozi, wafadhili wakaondoka.

4/ Sasa tuje kwa mwani. Ziwa letu ni la kijani kwa sababu yake, na tilapia huula. Kwa hivyo mwani si adui. Balaa ni ukizidi: maji ya moto, yaliyotulia, yenye kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula chao. Mchana mwani hutoa oksijeni, usiku huitumia. Ukifa kwa wingi, bakteria wanaouozesha humaliza iliyobaki. Na kuna aina zenye sumu.

5/ Samaki aliye huru atatafuta maji mengine. Wa kizimbani ataenda wapi? Novemba 2022, upande wa Kisumu, wafugaji waliamka wakakuta samaki wao wanaelea, wamekufa. Oksijeni ilikuwa imeshuka majini.

6/ Najua mtaniambia, "Lakini Turkana kuna upepo." Kweli, na upepo huchanganya maji vizuri. Ila upepo huo huo huvunja vizimba, kwa hivyo mtu atavificha wapi? Ghubani, penye maji mafupi na matulivu. Yaani pale pale mwani unapopenda, na pale pale palipokauka.

7/ Tena kina cha ziwa hatukiamui sisi. Karibu asilimia 90 ya maji yake hutoka Omo, na tangu 2015 bwawa la Gibe III limekaa juu ya mto huo.

8/ Basi mgombea akija, muulizeni:
– Nani atapima oksijeni kila alfajiri, na kwa pesa ya nani?
– Maji yakishuka, vizimba vitahamia wapi?
– Samaki wakifa usiku mmoja, mkopo atalipa kijana au atalipa aliyeahidi?

9/ Sipingi ufugaji. Samaki mkavu wa Kalokol anakula mtu wa Lodwar, anakula pia mkimbizi wa Kakuma. Lakini kile kiwanda hakikuuawa na wavivu. Kiliuawa na hesabu ambazo hazikupigwa mapema. Safari hii tuzipige kabla ya makofi.