Kutoka "Kumisi" hadi "Kukosa Mwako": Historia ya Jina la Ugonjwa wa Injini

Katika istilahi za ufundi wa magari yako majina ya vitu na yako majina ya magonjwa. Jina la kitu halina taabu kubwa: plagi ni plagi, koili ni koili, na mwenye shaka huonyeshwa kwa kidole. Jina la ugonjwa ni jambo jingine. Ugonjwa wenyewe hauonekani. Zinazoonekana ni dalili zake tu, na mara nyingi anayeupa jina huwa ameshaamua moyoni chanzo chake ni nini. Makala haya yanafuata historia ya ugonjwa mmoja wa injini ya petroli, ule ambao mafundi wetu huutaja kwa kusema kwamba injini "inamisi", ili kuona ni jina gani lifaalo kuingia katika vitabu na fomu zetu.

Yafaa tuanze na kazi ya injini yenyewe. Silinda hufyonza hewa na petroli, huugandamiza mchanganyiko huo, mchanganyiko huwaka na kuisukuma pistoni, kisha moshi hutolewa nje. Ili uwake yahitajika mambo matatu: mchanganyiko wenye uwiano ufaao wa hewa na petroli, mgandamizo wa kutosha, na cheche kali iliyokuja kwa wakati wake. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, silinda haisukumi, nayo injini hutikisika, hupungua nguvu na kula mafuta zaidi.

Watengenezaji wa mwanzo walihangaika zaidi na hilo la tatu. Étienne Lenoir alitumia cheche ya umeme katika injini yake ya gesi mwaka 1860 huko Paris. Nikolaus Otto, aliyeunda injini ya mapigo manne mwaka 1876, aliwasha kwa mwali wa moto. Daimler na Maybach walitumia neli iliyopashwa moto mpaka ikawa nyekundu, naye Karl Benz, katika gari lake la mwaka 1886, alirudia umeme wa betri na koili. Njia zote hizo zilikuwa na udhaifu wake. Mwaka 1902 ndipo Gottlob Honold, katika karakana ya Robert Bosch, alipokamilisha magneto ya umeme wa nguvu kubwa pamoja na plagi yake.

Si ajabu basi kwamba lugha za wenye viwanda ziliuhusisha ugonjwa huu na uwashaji. Kiingereza kiliazima neno lililokuwa likitumiwa kwa bunduki iliyokataa kulia, na kutoka kipande cha neno hilo ndipo mafundi wa Afrika Mashariki walipopata kitenzi chao "kumisi". Wajerumani walisema "Zündaussetzer", yaani kukatika kwa uwashaji. Wafaransa nao walisema "raté d'allumage", yaani uwashaji ulioshindikana. Jina lilikuwa tayari limeshatoa hukumu: mkosaji ni cheche.

Hata katika miaka hiyo, hata hivyo, ulikuwapo ushahidi kwamba injini inaweza kunyamaza kwa sababu nyingine. Mwaka 1907 gari la kifahari la Rolls-Royce, lililojulikana baadaye kwa jina la Silver Ghost, lilijaribiwa kwa mwendo wa maili 15,000, yapata kilomita 24,000, chini ya uangalizi wa Royal Automobile Club ya Uingereza. Waundaji wake walijihadhari sana na cheche: kila silinda ilikuwa na plagi mbili, moja ikilishwa na magneto na nyingine na betri na koili. Baada ya maili 629 injini ilizimika. Cheche haikuwa na kosa lolote. Koki ya petroli ilikuwa imejifunga kwa mtikisiko. Ilipofunguliwa, gari likaenda maili 14,371 zilizobaki bila kusimamishwa na hitilafu nyingine.

Baadaye mtindo wa betri na koili uliobuniwa na Charles Kettering, na kuwekwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910, ulienea duniani na kutawala kwa zaidi ya nusu karne. Katika mtindo huo pointi za distributa huungua kidogo kidogo kwa kila cheche itolewayo, na mwanya wake hubadilika. Fundi aliyesafisha pointi na kupima mwanya wa plagi aliponya magari mengi, na kwa hiyo kusema "ni moto wa plagi" kulikuwa kauli ya busara. Desturi hiyo ya mawazo ndiyo tuliyoirithi pamoja na neno.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa mlango wa sheria. Petroli isiyowaka ndani ya silinda huenda kuwaka katika kifaa cha kusafishia moshi, kile ambacho mafundi wengi huku kwetu hukiita masega, na kukiyeyusha. Kwa sababu hiyo magari mapya ya Marekani, kuanzia yale ya mwaka 1996, yalilazimishwa kuwa na kompyuta yenye uwezo wa kuutambua ugonjwa huu. Kompyuta haiitazami cheche. Hupima mwendo wa krenki: silinda ikiwaka, krenki husukumwa, isipowaka, krenki hupunguza kasi kwa kitambo kidogo sana. Namba P0301 yaeleza kuwa silinda ya kwanza haikusukuma, na P0300 yaeleza kuwa kosa hilo limeonekana bila kutaja silinda moja. Namba hizo zataja jambo lililotokea na pengine mahali pake, sababu haimo. Ndipo Wajerumani walipoanza kusema pia "Verbrennungsaussetzer", yaani kukatika kwa mwako, nao Wafaransa "raté de combustion". Jina likaacha kumshtaki mtu mmoja.

Umuhimu wa jambo hili huonekana vizuri katika gari la kifahari lililokwenda masafa marefu. Tuchukue Mercedes-Benz S 500 ya kuanzia mwaka 1998, yenye injini ya M113. Silinda zake ni 8, koili 8 na plagi 16, kwani plagi mbili kwa kila silinda zilikuwa zimerudi, safari hii kwa ajili ya kuusaidia mwako uenee upesi. Injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, silinda zote huwaka mara 2,400. Zikipungua chache, abiria husikia mtetemo mdogo tu. Gari likiwa limekwenda kilomita 250,000, watuhumiwa ni wengi: plagi zilizolika, waya zilizopasuka, koili inayokatika ikipata joto, mipira iliyokauka na kufyonza hewa isiyopimwa, nozeli zilizoziba, au valvu zisizofunga sawasawa.

Fundi mwenye utaratibu husoma namba kwanza. Ikiwa yataja silinda ya tatu, huihamishia koili yake silinda ya tano. Namba ikihama nayo, koili ndiyo mbovu. Isipohama, hutazama plagi na waya, kisha nozeli, na mwisho hupima mgandamizo na kuulinganisha na wa silinda nyingine. Ikiwa kosa limetapakaa katika silinda nyingi, hasa gari likiwa limesimama injini ikinguruma, hutafuta kwanza mahali panapovuja hewa. Lakini mfasiri aliyeandika katika kitabu cha mafunzo "hitilafu ya plagi", au karani aliyeandika hivyo katika fomu ya matengenezo, ameshaagiza plagi 16 kabla fundi hajafungua boneti. Gharama hiyo imezaliwa mezani, haikuzaliwa gereji. Na kama chanzo kilikuwa mpira uliopasuka, masega yataendelea kuungua hata baada ya plagi mpya kufungwa.

Kwa hiyo twapendekeza kitenzi "kukosa mwako", kama vile "silinda ya tatu imekosa mwako". Kwa jina twapendekeza "ukosaji wa mwako", si "ukosefu", kwa maana ukosefu huashiria hali ya kudumu, hali ugonjwa huu huja na kwenda. "Kukosa cheche" kubaki kwa sababu moja mahsusi tu. "Kugonga", "kuzimika" na "kulipuka katika ekzosi" ni magonjwa mengine, na yasichanganywe na huu. Ama "kumisi", tuwaachie mafundi katika mazungumzo yao. Kimewatumikia vyema, na wao hujua wanachokisema. Anayehitaji kulindwa ni yule asiyesikia injini, ambaye ana karatasi tu mkononi.